Maporomoko ya Sanje, Udzungwa: Ukichelewa Kuanza, Umekosa Nusu ya Safari

Ukitoka Kidatu kwenda Mang'ula, mkoani Morogoro, Tanzania, miwa inakusindikiza njiani, na mkono wa kulia milima ya Udzungwa imesimama wima kama ukuta. Ukikaribia kijiji cha Sanje, inua macho. Katikati ya kijani kibichi utaona mstari mweupe unaoteremka kwa vidato, unakatika kwenye miti kisha unatokea tena chini yake. Hayo ndiyo maporomoko ya Sanje. Wapo wanaoyapiga picha kwenye dirisha la basi wakaridhika, na hao wamekosa mengi. Maporomoko haya yana zaidi ya mita 170, na ukiwa barabarani huwezi kuhisi hata robo ya kimo hicho. Uhondo uko ndani ya msitu, na msitu unaingiwa kwa miguu.

Tuseme mapema: mwenye siku moja tu Udzungwa achague njia hii. Njia ya kilele cha Mwanihana ni kubwa zaidi, lakini inadai siku tatu, hema na kilomita 38 hivi za kupanda na kushuka. Njia ya Prince Bernhard, inayoanzia karibu na ofisi za hifadhi, haifiki hata saa moja. Inawafaa wazee na watoto wadogo, ila maporomoko yake ni madogo na ukimaliza unabaki na hamu. Sanje iko katikati ya hizo mbili. Kutembea kwenyewe tu ni saa nne kwa mwendo wa kawaida. Ukiongeza mapumziko, picha na kuoga, panga tano au sita. Kama utarudi na furaha au na uchovu mtupu, hilo linaamuliwa na saa uliyoanza kutembea kuliko aina ya viatu vyako au nguvu ya pumzi yako.

Sababu ya kwanza ni jua. Upande huu wa Udzungwa unatazama mashariki, kwenye bonde la Kilombero. Asubuhi mwanga unakuja kutoka bondeni na kuugonga ukuta wa mwamba uso kwa uso: maji yanang'aa, mvuke unaonekana, na ukiwa na bahati ya pembe nzuri unapata upinde wa mvua karibu na unaposimama. Alasiri jua linahamia nyuma ya mlima, mwamba unabaki kivulini huku anga juu yake bado ni jeupe, na picha zote zinatoka na maji ya kijivu. Sababu ya pili ni joto. Njia inaanzia bondeni, mahali pa chini penye unyevu mwingi, na saa sita mchana hewa ya humo msituni inakulemea kama umekaa jikoni penye sufuria inayochemka. Aliyeanza saa moja asubuhi anakutana na mpando mkali kukiwa bado kuna ubaridi. Aliyeanza saa tano anapanda palepale akiwa ameloa jasho hadi mkanda.

Wengi wanaochelewa wanapoteza saa zao kwenye malipo na usafiri, kabla hata ya kuiona njia. Kwa anayetoka Mikumi, kijiji cha Sanje kinatangulia, na Mang'ula iko kilomita kama kumi mbele. Lakini makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, kilomita 60 na kidogo kutoka mji wa Mikumi. Huko ndiko unakoandikishwa, unalipia kiingilio na kupangiwa mwongozaji. Kwa hiyo unaipita Sanje, unafika Mang'ula, unakamilisha taratibu, halafu unarudi ulikotoka. Ukishuka kwenye basi saa nne asubuhi na kufuata mlolongo huo, utaanza kutembea saa sita. Dawa ni kulala Mang'ula. Fika jioni, pita ofisini kabla hazijafungwa, maliza malipo, kubaliana saa ya kuondoka na mwongozaji, na utafute usafiri wa alfajiri siku hiyohiyo.

Malipo nayo yana mambo yake. Siku hizi fedha za hifadhi zinalipwa kwa kumbukumbu namba, kupitia simu au benki, au kwa kadi, kwa hiyo usitegemee bulungutu la noti. Weka salio la kutosha kwenye simu usiku wa kuamkia safari, maana mtandao ukisuasua asubuhi, nyote mtakaa kwenye benchi mkiangalia simu. Viwango vinatofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkazi na mgeni kutoka nje, na malipo ya mwongozaji hayamo ndani ya kiingilio. Raia abebe kitambulisho chenyewe. Asiyeweza kuthibitisha uraia hana hoja ya kudai kiwango cha raia.

Kutoka Mang'ula hadi Sanje watu wengi huchukua bodaboda au bajaji. Panga na dereva safari ya kwenda na kurudi kwa pamoja, chukua namba yake, na umwambie akufuate baada ya saa sita, si nne. Akija mapema mno ataondoka, nawe utatoka msituni magoti yakiuma na ubaki umesimama kando ya barabara ukisubiri basi lenye nafasi.

Mwongozaji ni lazima, na hata pasingekuwa na sharti hilo tungewashauri mumchukue. Udzungwa si bustani. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, ina kilomita za mraba 1,990 na ndani yake hakuna barabara za kuzungukia kwa gari. Tembo, nyati na chui wanaishi humo. Kinyesi cha tembo njiani si ajabu. Mwongozaji anajua kukisoma: kikiwa kimekauka na kuvu limeota, mnaendelea, kikiwa kinafuka mvuke, mnasimama, mnasikiliza, na kama kuna tawi linavunjika karibu mnarudi nyuma polepole bila kelele. Kundi lenye watu zaidi ya wanane tungeshauri liongeze mwongozaji wa pili akae nyuma, kwa sababu kwenye njia nyembamba ya kupanda, wa mbele na wa mwisho huachana hata robo saa.

Sasa njia yenyewe. Mwanzoni inadanganya: ni pana, karibu tambarare, majani makavu chini na kivuli kizito juu. Tumieni sehemu hii kurekebisha kamba za viatu na mikanda ya mabegi, maana mbele hapana pa kusimama vizuri. Kisha mpando unaanza na hauna masihara. Mizizi ya miti mikubwa imeikata njia kama vizingiti vya milango, na kati ya mzizi na mzizi udongo umemomonyoka ukabaki kidato cha kimo cha goti. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mzizi mkavu hushika vizuri, ila mzizi uliolowa, hasa ule uliovuliwa gome na nyayo za watu, ni laini kama mfupa uliopakwa mafuta. Kanyaga nyuma yake, kwenye udongo, unyayo mzima, na uelekeze vidole juu ya mlima. Ukilazimika kuukanyaga, weka kisigino na kiganja cha mguu pande zake mbili. Ukiuweka mguu sambamba na mzizi, umekwisha.

Mkono nao uwe na adabu. Mtu akiyumba hushika chochote kilicho karibu, na msituni kilicho karibu kinaweza kuwa mmea wa miiba, upupu, au shina lenye msururu wa siafu. Fimbo moja imara inayofika chini kidogo ya kifua ina thamani kuliko miti yote ya pembeni. Uje nayo kutoka nje, kwa sababu kukata mti ndani ya hifadhi ni kosa.

Siafu tuwape maneno yao. Baada ya mvua wanavuka njia kwa misururu, na anayesimama juu yao kwa sekunde kumi akipiga picha ataumwa kuanzia kifundo hadi kiunoni. Ingiza suruali ndani ya soksi ndefu. Ukiona mstari mweusi unaotembea, usiruke na kutua katikati yao. Kimbia hatua tatu nne mpaka uvuke, ndipo ujikague. Mwongozaji akisema "msisimame", msimuulize kwa nini.

Katikati ya mpando, pumzikeni mara nyingi kwa dakika mbili mbili badala ya mara moja kwa nusu saa. Mkikaa muda mrefu jasho linapoa na misuli inakaza. Na mkisimama, nyamazeni, kwani msitu wa Mwanihana mnaoupanda ni wa namna ya pekee: miti imeshikana kutoka karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000 bila kukatika, jambo ambalo ni adimu mno Afrika Mashariki. Wanyama wengi wa humu hawapatikani kwingine. Mbega mwekundu wa Udzungwa utamwona bila shida, anaruka matawi ya juu na kuachia majani yaanguke kama mtu anayetupa nguo kutoka ghorofani. Mbega mweusi mwenye mabega meupe naye yumo, pamoja na kima. Chini, kwenye majani makavu, ukisikia chakarachakara ya haraka kisha kimya, huenda ni sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga.

Lakini mwenyeji mwenye jina la mahali hapa ni mangabei wa Sanje, mnyama wa jamii ya tumbili. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, wakati wenyeji walikuwa wakimjua na kumwita ng'olaga. Sauti yake ndiyo iliyomfichua: "huup" moja ndefu, kimya kifupi, halafu mkoromo wa harakaharaka unaosikika mbali. Dume hupiga mlio huo zaidi asubuhi, na hapo tunarudi palepale kwenye saa ya kuanza. Anapenda kutafuta chakula ardhini, akipekua majani na magogo yaliyooza, kwa hiyo kundi linaweza kuwa hatua ishirini kutoka njiani wewe ukiwa umekodolea macho matawini. Lipo kundi lililozoeshwa watu na watafiti. Anayetaka kulifuata aombe tangu siku ya malipo, kwa kuwa ni matembezi yanayopangwa peke yake na hayaendi sambamba na ratiba ya maporomoko.

Maporomoko hayaonekani yote kwa pamoja, na hilo watu wengi hawajiandai nalo. Yana vidato vitatu. Njia inakupeleka mahali pa kutazama ambapo msitu unafunguka ghafla: mwamba, maji, na mbele yako bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa yaliyokatwa mraba mraba hadi macho yachoke. Sehemu nyingine inakusogeza karibu na maji kiasi kwamba mnaongea kwa kupigiana kelele. Ukitaka tukuchagulie pa kukaa muda mrefu, tunachagua kwenye madimbwi ya chini ya maporomoko madogo kuliko penye mwonekano mpana. Penye mwonekano unapiga picha dakika kumi ukamaliza. Penye dimbwi unaweza kukaa saa nzima ukitazama jinsi maji yanavyofika juu ya mwamba yakiwa yamekusanyika, yakavunjika vipande vipande hewani, na vile vidogo kabisa vikapeperushwa na upepo visifike chini kabisa. Mawe ya karibu hayakauki kamwe. Kwenye nyufa zake zenye kivuli angalia mimea midogo midogo inayoishi kwa mvuke huo. Milima hii ya Tao la Mashariki (safu ya milima ya Tanzania na kusini mwa Kenya, Udzungwa ikiwamo) ndiyo asili ya Saintpaulia, ua la zambarau linalouzwa kwenye vyungu dunia nzima.

Kuoga kunaruhusu mwili upoe, na maji ni ya baridi kweli. Fuata mwongozaji akuoneshe dimbwi lipi. Ingia polepole kwa miguu, usipige mbizi hata siku moja, kwa sababu mawe yanayoletwa na mafuriko hubadilisha sakafu ya dimbwi kila msimu: palipokuwa na kina mwaka jana pana jiwe mwaka huu. Usiingie chini ya maji yanayoanguka kwenye kidato kikubwa. Uzito wa maji siyo hatari pekee. Matawi na mawe pia huja pamoja na maji. Mwamba ulio pembezoni una utando wa kijani ambao macho hudhani ni rangi ya jiwe tu, na huo hauna kiatu kinachoushika. Vaa malapa yenye kamba au raba kuukuu ndani ya maji kuliko peku.

Na juu ya vidato, ukingoni, hapana picha inayofaa. Maji yanaonekana membamba na tulivu kabla ya kuanguka, ndiyo maana watu huyasogelea. Kaa angalau urefu wa mwili wako mara mbili kutoka kwenye ukingo wowote uliolowa.

Jambo jingine la kuogopa halionekani mnapoogelea: mvua ya mlimani. Mto unakusanya maji kutoka juu msituni, na huko inaweza kunyesha wakati ninyi mko juani. Dalili ni tatu. Maji yanaanza kubadilika rangi kuwa ya chai, majani na vijiti vinaongezeka juu yake, na mngurumo wa maporomoko unazidi kuwa mzito. Ukiona hata moja, toka majini upande iliko njia ya kurudi. Usivuke kwenda ng'ambo kufuata begi.

Kuhusu majira, mvua za huku huanza Novemba, zinapamba moto Machi na Aprili, na kuisha Mei. Aprili maporomoko yana kishindo cha kutikisa kifua, lakini njia ni tope, mvuke unafunika kila kitu, na mara nyingi unaona nusu ya chini tu. Septemba na Oktoba njia ni kavu na salama zaidi, ila maji yanapungua, ingawa hayakatiki, kwa kuwa msitu ulioko juu unashika ukungu na mvua na kuviachia kidogo kidogo. Sisi tungechagua Juni na Julai: udongo umekauka, maji bado ni mengi, na joto limeshuka. Ukipata nafasi Januari tu, nenda, ila anza saa kumi na mbili na nusu kamili asubuhi.

Vya kubeba si vingi. Maji lita mbili kwa kila mtu, tatu kipindi cha joto. Chakula kisichomwagika wala kuchacha haraka, kama chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na karanga. Fulana ya kubadilisha, na isiwe ya pamba tupu: pamba ikilowa jasho haikauki humo ndani. Tochi, hata kama mmepanga kurudi saa nane, kwani chini ya miti giza hutangulia. Bandeji na kipande cha kitambaa cha kufungia kifundo. Simu ifungwe kwenye mfuko usiopenya maji wenye zipu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, usije nayo. Penye mvuke lenzi hupata ukungu, kwa hiyo toa simu dakika tano kabla ya kuihitaji na ufute kwa kitambaa kikavu ulichokiweka mfuko wa shati, si wa suruali iliyolowa.

Viatu: buti jepesi au raba yenye meno marefu, iliyokwisha kuvaliwa. Kiatu kipya kitakutoa malengelenge kabla ya kidato cha kwanza.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Mapafu yanapumzika, magoti yanalipa. Kata kucha za miguu siku moja kabla, kaza kamba za kiatu sehemu ya kifundo ili mguu usiteleze mbele, piga hatua fupi, na tanguliza fimbo chini kabla ya mguu. Penye kidato kirefu geuka ubavu. Watu wengi huanguka katika nusu saa ya mwisho, wanapoanza kusikia pikipiki za kijijini na kuongeza mwendo.

Asiyeifaa njia hii ni mwenye goti bovu, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na mtoto wa kubebwa. Mtoto wa miaka kumi aliyezoea kutembea ataweza, tena pengine atawatangulia wakubwa. Mama mjamzito achague ile njia fupi ya Mang'ula.

Mkifika chini, kabla ya kupanda bodaboda, vueni viatu na soksi. Kagueni kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye makwapa, hasa kama mlikaa kwenye nyasi. Aliyeng'ang'ania ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu moja kwa moja, bila kumpaka mafuta wala kumchoma na kiberiti. Osheni pale alipouma, andikeni tarehe kwenye simu, na homa ikija ndani ya wiki mbili mwambieni daktari mlikuwa msituni Udzungwa.